Wanawake Hamsini na Wanane, Kura Sabini na Moja

Katika chama cha wanawake wa viazi pale Petite Barrière, kivuko cha mpakani kati ya Gisenyi na Goma, ugomvi wa vipimo ulikuwa na dawa moja tu: "Mumuite Mama Mutoni." Mama Mutoni akifika hakuuliza nani kaanza. Aliichukua ndoo inayobishaniwa, akaipindua, akapapasa kitako chake kuona kama kimegongwa kikaingia ndani, kisha akaijaza viazi na kuvihesabu kimoja kimoja. Mwishoni alisema neno moja au mawili, na kila mtu akarudi kwenye gunia lake.

Jina lake hasa lilikuwa Xavérine. Mwaka ule wa 1999 alikuwa ametimiza miaka arobaini na saba. Alizaliwa Masisi, ng'ambo ya mpaka, kwa wazazi Wanyarwanda, na masista walimsomesha hadi mwaka wa tatu wa sekondari. Baba alipofariki akaacha shule, akapata kazi ya kupima kwenye ghala la kahawa. Miaka kumi na miwili alisimama kando ya mizani. Mzee Nkusi, aliyemfundisha kazi ile, alimwachia desturi moja: kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, weka jiwe la kilo ishirini juu ya mizani. Ikisema ishirini, fungua mlango. Isiposema, usifungue, hata kama foleni imefika barabarani. "Mizani haina shemeji," mzee alikuwa akisema. "Mwenye shemeji ni mpimaji."

Mumewe alifia Masisi. Mwishoni mwa 1994 Xavérine alivuka kuja Gisenyi na binti yake Mutoni, godoro moja na daftari la mistari. Aliyempokea alikuwa Nyirarukundo, mama wa makamo mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti. Alimpa nusu ya chumba chake kwa miezi mitano, akamwonyesha njia za kupandia Bugeshi kunakolimwa viazi, akamjulisha kwa wanawake wanaovivusha kwenda kuviuza Goma. Chama kilipoundwa, Xavérine akawa karani wake. Kila siku aliandika zamu: nani amepanda Bugeshi, nani amevuka, nani amelaza mzigo.

Mwezi wa tatu wa mwaka ule watu walichagua viongozi wa seli, ngazi ya chini kabisa ya utawala. Walipanga mistari nyuma ya wale waliowataka, wakahesabiwa kwa macho, mchana kweupe. Kwenye hesabu hapakuwa na cha kubishia, kwa kuwa kila mgongo ulionekana. Shida ilikuja baadaye sokoni. Mwanamke mmoja wa chama aligundua kwamba jirani yake wa gunia kwa gunia alisimama kwenye mstari wa mtu mwingine, naye akahamisha magunia yake mita kumi na kukaa wiki mbili bila kumsalimu. Kwa hiyo, zamu ya chama kuchagua mwenyekiti wake ilipofika, wanawake walisema kwa kauli moja kwamba mistari hawaitaki. Karatasi nazo hawakuzitaka, maana zaidi ya nusu yao hawakujua kusoma.

Hapo ndipo Théogène alipoingia. Alikuwa fundi wa redio mwenye kibanda kwenye barabara ya Rubona, mrefu, mwembamba, vidole vyake vimeungua kwa risasi ya kulehemu. Naye alikuwa amerudi kutoka Goma. Alileta sanduku alilolitengeneza kwa mbao za kreti la bia, lenye vitufe viwili vya kengele ya mlango, chekundu na cheupe. Ndani yake mlikuwa na kalkuleta mbili zilizounganishwa kwa nyaya na vile vitufe. Ukifinya chekundu, kalkuleta ya kwanza inaongeza moja. Ukifinya cheupe, ya pili inaongeza moja.

"Hii iko inahesabu peke yake," aliwaambia wanawake kwa Kiswahili cha Goma. "Haina mukono wa mutu. Haina rafiki. Haichoke."

"Na nani anaiona wakati iko inahesabu?" aliuliza Xavérine.

"Hakuna mutu. Njo siri yenyewe, mama."

"Mizani iko na mushale. Mwenye gunia anaona, na mi naona."

"Bon. We ijaribu vile unataka. Ukisema iko mubaya, naipeleka nyumbani, nachomea chai."

Wanawake walicheka, wakaamua hivyo: Mama Mutoni aijaribu, na lile atakalolisema ndilo litakalofuatwa.

Xavérine alikaa nayo siku tatu. Aliweka maharagwe mia moja kwenye sahani. Kila alipofinya kitufe alihamisha harage moja kwenye sahani ya pili. Maharagwe yalipokwisha akafungua sanduku: mia moja. Akafanya vivyo hivyo kwa kitufe cha pili, akapata mia moja. Aliacha namba arobaini kwenye kalkuleta tangu asubuhi hadi jioni ili aone kama itajifuta yenyewe, haikujifuta. Alilitikisa sanduku. Alifinya vitufe vyote viwili kwa pamoja. Yote aliyaandika, na saa yake kando.

Makosa mawili aliyaona mwenyewe. La kwanza, mtu angeweza kuanza na namba iliyokwisha kuwekwa ndani. Kwa hilo akaagiza sanduku lifunguliwe mbele ya wote kabla ya kura, kila mtu aone sifuri mbili, kisha lifungwe kwa uzi na kila mgombea apige fundo lake. La pili lilikuwa kengele. Théogène alikuwa ameweka kikengele kinacholia kila kitufe kinapofinywa, na chekundu kililia kwa sauti nene kuliko cheupe. Aliye nje ya pazia angejua mwenzake amechagua nani. Xavérine akamwambia akitoe, na Théogène akakitoa.

Jumapili baada ya misa alisimama mbele ya wanawake. "Nimeijaribu," alisema. "Iko muzuri. Mi naisimamia."

Hakuwa mtu wa kusema "naisimamia" ovyo, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Uchaguzi ulifanyika Alhamisi, katika chumba walichoazimwa na parokia. Wagombea walikuwa wawili. Nyirarukundo alipewa kitufe chekundu, na kila mtu alimjua. Liliane alipewa cheupe. Yeye alikuwa na miaka thelathini, amesoma Goma, na alipokuwa akizungumza na watu wa forodha kwa Kifaransa mizigo ilipita haraka. Karani wa komini, ofisi ya utawala ya pale, Bwana Karangwa, alikuja na karatasi yake. Kila chama kilichotaka nafasi kwenye hangari jipya la mpakani kilitakiwa kupeleka jina la mwenyekiti aliyechaguliwa, na sahihi ya karani wa chama, kabla ya saa sita mchana siku ile. Chama kilikuwa na wanawake themanini na watatu, lakini siku ya Alhamisi soko la Goma halingoji mtu, na wengi walikwisha kuvuka.

Xavérine alisimama mlangoni. Kila aliyeingia alimpigia kijiti kwenye daftari, vijiti vitano vitano. Mwanamke alipita nyuma ya pazia, akakaa kidogo, akatokea upande wa pili akirekebisha kitenge. Hapakusikika kitu.

Saa nne na nusu wakamaliza. Wagombea wakakata mafundo yao, Théogène akafunua kifuniko, na Karangwa akasoma kwa sauti: chekundu arobaini, cheupe thelathini na moja.

Vigelegele vikapanda. Nyirarukundo alikumbatiwa huku na huku, kilemba kikamwanguka. Liliane alimpa mkono, akatabasamu kwa shida. Karangwa akaisukuma karatasi mbele ya Xavérine na kalamu juu yake.

"Mama, weka sahihi. Komini banangojea."

Xavérine alikuwa akitazama daftari. Mafungu kumi na moja ya vijiti, na vijiti vitatu. Hamsini na wanane. Alijumlisha arobaini na thelathini na moja kwa kichwa, kisha kwa kalamu pembeni mwa ukurasa. Sabini na moja.

Aliinua macho. Hakuna mwingine aliyehesabu walioingia. Wote walijua chama kina wanawake themanini na watatu, kwa hiyo sabini na moja haikumshtua mtu. Angeweza kuandika jina lake, hangari lingepatikana, na huenda Nyirarukundo alikuwa ameshinda kweli. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, atamnyang'anya kiti mtu aliyemgawia chumba chake, atamwaibisha fundi aliyefanya kazi yake kwa moyo safi, na atawaambia wanawake wote kwamba neno lake la Jumapili halikuwa neno. Na baada ya hapo nani atamwita tena kuamua ndoo ya nani ina kitako kilichogongwa? Kibaya zaidi, hakujua kosa lenyewe liko wapi.

Kalamu ilikuwa mkononi. Akaifunika.

"Ngoja kwanza, Bwana Karangwa."

"Ningoje nini? Mashini imeisha kusema."

"Imesema mingi kuliko batu."

Akasimama juu ya benchi. Hakuwa na mazoea ya kusimama juu ya kitu. Vigelegele vilipungua kidogo kidogo, vya mwisho vikakatika katikati.

"Mi njo nilisema hii mashini iko muzuri," alisema. "Si fundi, si mutu mwingine. Ni mi. Sasa musikilize. Benye waliingia humu leo ni makumi tano na munane. Nimewaandika. Kura ni makumi saba na moja. Hizi kumi na tatu, sijue zimetoka wapi. Donc siwezi kuweka sahihi."

Kisha maneno yakaja kutoka kila pembe.

"Fundi amechezea bintu."

"Si walikaa avenue moja na kina Liliane kule Goma?"

"Kama ni wa Liliane, mbona Liliane ameshindwa? Muchawi gani anajiloga mwenyewe?"

Théogène alikuwa ameshika kifuniko kama ngao. "Muangalie ndani," alisema. "Mukuje muangalie. Haina kitu ya kujificha. Mama Mutoni, si we uliijaribu mara mia?"

"Mara mia mbili," alisema Xavérine.

Nyirarukundo alikuwa ameokota kilemba chake bila kukifunga. Hakupaza sauti, na hilo peke yake liliwanyamazisha walio karibu. "Xavérine," alisema, na ilikuwa miaka mingi hajamwita kwa jina hilo, "mi nilikupa fasi ya kulala. Leo njo unaniondoa kwa kiti, mbele ya batu?"

"Sikuondoe. Sijue kama umekikalia."

Xavérine aliteremka benchini. Akafanya lile alilolizoea kwenye ghala mizani ilipokataa: kurudi mwanzo. Alimwomba Théogène azirudishe kalkuleta kwenye sifuri na kuacha sanduku wazi, kila mtu aone. Kisha akatafuta kwa macho mtu mmoja kati ya waliokuwepo.

"Mama Verediane, kuja hapa. Usiniambie ulichagua nani, sitaki kujua. Finya yoyote, unionyeshe tu kidole yako vile ilifanya."

Verediane alikuwa mwanamke mnene wa Bugeshi, kidole chake gumba kinene kama mpini. Alikuja bila haraka, akasimama mbele ya sanduku, akafinya kitufe kwa nguvu. Moja. Halafu, akiwa tayari amekwisha kugeuka nusu na macho yake yako pengine, kidole kikarudi na kugusa kitufe mara ya pili, kwa wepesi, kama mtu anayedondosha kitu. Mbili.

"Ile ya pili ni ya nini?" aliuliza Xavérine.

"Ya pili gani?"

"Umefinya mara mbili, mama."

Verediane alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si ile ni matabishi? Ulitaka nimupe mutu kipimo kitupu?"

Kila mwanamke mle ndani alijua matabishi. Ni vile viazi viwili au vitatu ambavyo muuzaji huviweka juu ya ndoo iliyokwisha kujaa, bure, mnunuzi asiondoke na uchungu. Asiyetoa matabishi pale mpakani hapati mteja mara ya pili. Mkono wa mwenye viazi huyatoa wenyewe, bila kungoja kichwa.

Kicheko kilianza nyuma, kikaja mbele kama mvua inayotembea juu ya mabati. Wanawake walishikana mabega.

"Hata mi," mmoja alisema akifuta machozi. "Mi nilipatia mumoja kipimo, matabishi nikapatia mwenzake, asitoke mikono mitupu."

"We ni fundi ya amani."

"Mi sikusikia hata kitu kulia," alisema mwingine. "Nikasema labda haijashika. Nikaongeza."

Xavérine aliposikia hilo la mwisho hakucheka. Kengele ni yeye aliyeagiza itolewe. Na ile mara mia mbili aliijaribu mashine kwa kidole chake mwenyewe, kidole cha mtu anayehamisha harage moja kila anapofinya. Jiwe la kilo ishirini aliliweka vizuri kabisa. Magunia ndiyo ambayo hakuyafikiria: kwamba kila mtu angekuja na mkono wake na desturi ya mkono huo.

"Théogène," alisema, "mashini yako haikukosa. Imehesabu kila kitu tuliipatia."

Fundi alikaa chini, akavuta pumzi. "Naweza kuifanya ijifunge," alisema. "Mutu akifinya mara moja, inalala, mpaka mutu wa mulango aiamshe. Munipe juma moja."

"Juma?" alisema Karangwa. "Mi sina hata saa moja na nusu."

Liliane akatoa wazo: kila aliyezidisha aseme tu, zipunguzwe. Xavérine alitikisa kichwa. "Atasema alizidishia nani. Tutakuwa tumerudi kwa mistari ya mwezi wa tatu." Liliane alifikiri, akakubali.

Verediane ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu anayeona wenzake wanatafuta kisu walichokishika: "Viazi si viko inje?"

Basi wakafanya kwa viazi. Magunia mawili matupu yalikung'utwa mbele ya wote, moja likafungwa kitambaa chekundu na la pili cheupe, yakawekwa nyuma ya pazia mahali pa sanduku. Xavérine alisimama mlangoni na beseni. Kila aliyeingia alionyesha viganja vitupu, akapewa kiazi kimoja na kupigiwa kijiti.

"Na matabishi?" mmoja aliuliza.

"Leo iko kwa soko."

Safari hii waliingia hamsini na saba. Mmoja alikuwa ameondoka katikati ya zogo kuwahi zamu yake ya kuvuka, na hakuna aliyejua angetia wapi kiazi chake. Magunia yalipomwagwa kwenye sementi, marundo mawili mbele ya macho ya wote, hesabu ilifanywa kwa sauti, chumba kizima kikihesabu. Chekundu ishirini na nane. Cheupe ishirini na tisa.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nyirarukundo alichuchumaa kwenye rundo lake, akavihesabu upya peke yake, akivisogeza kwa mkono viwili viwili. Alipofika mwisho alipangusa udongo viganjani. Kisha akainuka na kuketi kwenye kiti kilicho mbali na watu.

Xavérine alichukua karatasi ya Karangwa. Aliandika jina la Liliane mahali pa jina. Chini yake, palipoachwa wazi kwa ajili ya maoni, akaandika polepole kwa herufi zake zilizonyooka: kwamba kura ya kwanza ilipigwa kwa mashine na ilifutwa, kwamba waliingia watu hamsini na wanane zikatoka kura sabini na moja, kwamba mashine ilihesabu sawa na fundi wake hana kosa, kwamba aliyeijaribu na kuithibitisha ni yeye, karani wa chama, na hakuijaribu inavyopasa.

Karangwa alisoma juu ya bega lake. "Hii yote ya nini, mama? Banataka jina tu. Unajichafua bure."

"Iko fasi ya kuandika," alisema Xavérine.

Akaweka sahihi. Zilibaki alama za wagombea wawili. Liliane aliandika jina lake. Kidau cha wino kikapelekwa kwa Nyirarukundo, ambaye hakuwa amesoma. Alikitazama, asikiguse.

"Mulete karatasi," alisema. "Na huyo mwenye ameandika aje anisomee. Si mwingine."

Chumba kilikuwa kimeanza kutawanyika, lakini walio mlangoni walisimama. Xavérine alikwenda, akakaa kwenye ukingo wa benchi iliyokuwa karibu na kiti kile, akasoma kutoka juu hadi chini, neno kwa neno, hata namba.

Nyirarukundo alikuwa amefumba macho. "Pale kwenye kosa," alisema. "Soma tena."

Xavérine akasoma tena.

"Ni vile njo iko? Hakuna kingine umeandika?"

"Ni vile tu."

Nyirarukundo akachovya kidole gumba kwenye wino, akanyoosha mkono bila kuangalia karatasi. "Unionyeshe fasi," alisema.

Xavérine akaushika mkono wake na kuuongoza hadi mahali penyewe.